Mtoto Aliyekonda na Mizani: Historia Fupi ya Kakamega na Jirani Zake



Desturi ya kitabu cha taarifa ya mwaka ni kuhesabu. Mweka hazina huhesabu shilingi zilizoingia na zilizotoka, mwandishi wa chama huhesabu mikutano, na kamati ya misiba huhesabu wale waliotutoka. Mwenye kusoma hesabu hiyo ya mwisho kwa makini huona jambo la kuhuzunisha: jeneza fupi halikosekani. Watu wakiuliza mtoto alikufa kwa ugonjwa gani, jawabu huwa ni homa, au kuhara, au kifua. Hapana asemaye kwamba kabla ya homa hiyo mtoto alikuwa amekwisha konda kwa miezi kadhaa, na kwamba homa ilimkuta hana akiba mwilini ya kupigana nayo. Shirika la Afya Duniani lasema kwamba karibu nusu ya vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 ulimwenguni vina uhusiano na lishe duni.

Kwa sababu hiyo tumeona vema kuweka katika kurasa hizi historia ya hesabu nyingine, yaani ratli na kilo za mtoto mdogo. Tutaeleza jinsi watu wa nchi zetu walivyojaribu kumrudishia mtoto uzito wake, mahali walipofaulu, na mahali walipopotea njia. Hatuandiki ili kumlaumu mama yeyote. Historia yenyewe itaonyesha kwamba lawama ndiyo dawa iliyotumiwa mara nyingi kuliko zote, nayo haikumnenepesha mtoto hata mmoja.

Mgeni afikapo Kakamega hustaajabu kusikia kwamba huku kuna mtoto aliyekonda. Mvua yetu hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, shamba hulimwa mara mbili, na msitu wetu haukauki. Basi njaa ya mtoto imeingia kwa mlango gani? Hilo ndilo swali tutakalolifuata.

Zamani kabla ya mahindi

Wazee wetu walilima wimbi na mtama. Ugali wao, obusuma, ulikuwa wa rangi ya udongo, na uji wao, obusera, ulikuwa wa wimbi. Pamoja na hayo walikuwa na kunde, njugu mawe, ufuta, viazi vitamu, na mboga za majani za namna nyingi: mnavu, mgagani, mlenda na majani ya kunde. Msimu wa kumbikumbi ulipofika, watoto walikula wakashiba na wakakausha akiba. Mama alimnyonyesha mwanawe miaka miwili au zaidi, na mimba nyingine ilingoja.

Hatusemi kwamba zamani hizo zilikuwa za neema tupu. Njaa zilikuja, na magonjwa yaliua watoto wengi. Lakini twapenda msomaji aangalie jambo moja, nalo ni namna watu wa zamani walivyoeleza kudhoofika kwa mtoto. Pwani, Waswahili walisema mtoto wa namna hiyo amebemendwa, yaani wazazi wake walikutana upesi kabla hajaacha ziwa, naye akadhoofika. Huku bara pia wazee walitafuta mwiko uliovunjwa nyumbani. Daktari wa leo hakubali maelezo hayo jinsi yalivyo. Hata hivyo, chini yake kulikuwa na jambo la kweli lililoonwa kwa macho: mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa ajili ya mimba nyingine alikuwa katika hatari kubwa. Kosa la wazee halikuwa katika kuona. Lilikuwa katika hukumu, maana aibu ilimfanya mama amfiche mtoto ndani, na mtoto aliyefichwa hapati msaada.

Dhahabu, nzige na posho

Mnamo mwaka wa 1931 dhahabu ilionekana karibu na Kakamega. Wakati huo mji wetu ulikuwa makao makuu ya Wilaya ya Kavirondo ya Kaskazini, ambayo baadaye iliitwa Nyanza ya Kaskazini. Wazungu wengi walimiminika na mahema yao, na mashimo yakachimbwa katika mashamba ya watu. Sheria ya 1930 ilikuwa imeahidi kwamba ardhi ya Waafrika ikitwaliwa, ardhi nyingine itatolewa badala yake. Mnamo Desemba 1932 sheria hiyo ilibadilishwa, ili ardhi yenye madini iweze kutwaliwa kwa malipo ya fedha peke yake. Mgodi mkubwa kuliko yote ulikuwa ule wa Rosterman, nao ulifungwa mwaka wa 1952.

Mtu aweza kuuliza, mgodi una uhusiano gani na uzito wa mtoto? Uhusiano upo, tena ni mkubwa. Mwanamume alipokwenda mgodini, au katika mashamba ya chai ya Kericho, au kwenye reli, kazi yote ya shamba ilibaki juu ya mkewe. Mama mwenye jembe tangu alfajiri hakuweza kupika mara nne kwa siku. Mtoto alibaki na dada yake wa miaka saba au minane, pamoja na kibuyu cha uji uliopikwa asubuhi. Tena, chakula cha kibarua kilikuwa posho ya unga wa mahindi, na mahindi ndiyo yaliyouzwa kupata fedha za kodi. Polepole wimbi likapungua shambani, njugu mawe zikasahauliwa, na uji wa mtoto ukawa wa mahindi meupe. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 nzige nao waliivamia nchi ya Kenya na kula walichokikuta.

Hapa yafaa tukumbuke kwamba vyama vya ustawi si vigeni katika jambo hili. Mwaka wa 1923 kilianzishwa Chama cha Ustawi cha Walipa Kodi wa Kavirondo, chini ya uongozi wa Archdeacon W. E. Owen. Baadhi ya wanasiasa walikicheka, kwa kuwa wanachama wake waliahidi kuua panya, kuchimba vyoo na kupanda miti. Sisi hatuwacheki. Waliojiwekea ahadi hizo walikuwa wamefahamu kwamba heshima ya watu huanzia uani kwao.

Ugonjwa wapata jina

Mwaka huohuo wa 1931, wataalamu wawili, John Boyd Orr na John Gilks, walitoa kitabu cha uchunguzi wao uliofanywa Kenya. Waliwapima Wamasai, ambao chakula chao kilikuwa maziwa, nyama na damu, na Wakikuyu, ambao walikula zaidi nafaka, mizizi na kunde. Waliona kwamba mwanamume wa Kimasai, kwa wastani, alimzidi mwenzake wa Kikuyu kwa inchi 5 za kimo na ratli 23 za uzito. Kazi hiyo ilikuwa ya maana, kwa kuwa watu wa nchi hii walipimwa kwa mizani badala ya kusimuliwa tu. Lakini iliacha wazo moja ambalo lilidumu muda mrefu mno, kwamba kinachokosekana kwa Mwafrika ni kitu kimoja tu, na kitu hicho ni maziwa na nyama.

Huku magharibi mwa Afrika, katika nchi ya Gold Coast ambayo leo ni Ghana, alikuwako daktari mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica. Aliona watoto wa mwaka mmoja hadi minne wenye miguu iliyovimba, ngozi inayobambuka, na nywele zilizopoteza weusi wake. Wakubwa wake wangeweza kusema ni minyoo. Yeye aliwauliza akina mama. Mwaka wa 1933 aliandika habari ya ugonjwa huo, akaueleza kuwa ni ugonjwa wa lishe unaofuatana na chakula cha mahindi. Mwaka wa 1935 alitangaza jina ambalo akina mama wa kabila la Ga walilitumia: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa katika nafasi yake mdogo wake anapozaliwa. Katika Kiswahili twauita unyafuzi.

Msomaji atazame jinsi maneno mawili yanavyokutana. Mwanamke wa Accra na mwanamke wa Mombasa hawakupata kuonana, wala lugha zao hazina undugu wa karibu. Hata hivyo wote wawili waliutaja ugonjwa huu kwa habari ya mtoto mmoja kumfuata mwingine upesi. Madaktari walikuwa na darubini, lakini akina mama ndio waliokuwa wa kwanza kuonyesha kiini chake.

Wakubwa wa udaktari hawakukubali mara moja. Mtaalamu mmoja wa London, Hugh Stannus, alishikilia mwaka wa 1934 kwamba ugonjwa huo ni pelagra tu. Daktari Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka wa 1929 na kuhamia hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka wa 1935, naye aliufuata mkondo wa pelagra kwa muda. Miaka ilipita hata yeye pamoja na wenzake, Davies na Dean, wakatoa mwaka wa 1954 kitabu kizima juu ya kwashiorkor. Katika miaka hiyo ya mabishano, watoto walikuwa wakiendelea kuletwa hospitalini.

Enzi ya maziwa ya unga

Mwaka wa 1952, John Brock na Marcel Autret walichapisha taarifa ya safari yao katika nchi kadhaa za Afrika, waliyotumwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Walisema unyafuzi ni ugonjwa wa lishe ulio mzito na ulioenea kuliko yote. Tangu hapo neno lililosikika kila mahali ni protini. Shirika la watoto la Umoja wa Mataifa lilileta maziwa ya unga, nayo yaligawanywa katika zahanati na hospitali. Katika miaka hiyohiyo chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza kazi yake Kenya, na akina mama wakakutana vikundi vikundi kujifunza kushona, usafi, mapishi na malezi ya watoto.

Hatuwezi kudharau maziwa hayo, maana yaliokoa wengi. Lakini yalikuwa na upungufu wa namna mbili. Kwanza, yalikuwa maziwa yaliyotolewa mafuta, na mafuta ndiyo yanayompa mtoto mdogo nguvu nyingi katika tumbo dogo. Pili, hayakutoka katika shamba la mama. Mtoto alipata nafuu wodini kwa maziwa, akarudi nyumbani kwenye uji uleule mwepesi, na baada ya miezi michache akaletwa tena.

Ndipo Mulago ikatoa fundisho ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Mwaka wa 1965 kilianzishwa pale kituo kilichoitwa Mwanamugimu, neno la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Humo mama hakuambiwa angoje nje. Alikaa na mwanawe, akapika mwenyewe, na akapika kwa vitu ambavyo alikuwa navyo kwake: ndizi, viazi, maharagwe, karanga, mboga za majani, na samaki au yai likipatikana. Walipika ekitobero, yaani mchanganyiko uliofungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke juu ya chakula cha wakubwa, kuni zilezile, jiko lilelile. Mama alipoona kwa macho yake uvimbe ukipungua na mtoto akianza kucheka, hakuhitaji hotuba tena. Alirudi kwao akiwa mwalimu wa jirani zake.

Mwaka wa 1974, Daktari Donald McLaren aliandika kwa ukali kwamba dunia ilikuwa imepoteza miaka mingi ikifukuza protini peke yake, hali watoto wengi walikosa chakula chenyewe. Hapana shaka maneno yake yaliwaudhi wakubwa. Lakini hesabu zilikwisha kufanywa upya, na ikaonekana kwamba mtoto anayekula nafaka na kunde pamoja, kwa kiasi cha kutosha, hakosi protini kwa kiwango walichodhani. Alichokosa zaidi ni wingi, mafuta, na marudio.

Mizani, kimea na utepe

Katika miaka ya 1950 na 1960, Daktari David Morley alifanya kazi Ilesha, Nigeria, akatengeneza kadi ya uzito ambayo mama aliweka mwenyewe nyumbani. Juu yake palichorwa njia, na uzito wa kila mwezi ukawekwa alama. Kadi hiyo ilibadili maana ya kupima. Zamani swali lilikuwa, je, mtoto huyu ni mkubwa au mdogo? Sasa swali likawa, je, amepanda tangu mwezi uliopita? Mtoto mwembamba ambaye mstari wake unapanda anaweza kuwa mzima kabisa, kwa kuwa wazazi wake nao ni wembamba. Na mtoto wa mashavu ambaye mstari wake umelala miezi miwili ndiye wa kukimbiliwa. Kenya ilichukua kadi za namna hiyo, na leo zimo ndani ya kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa kliniki.

Tanzania ilitupa funzo jingine. Mwaka wa 1983 mkoa wa Iringa ulianza mpango mkubwa wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa kijijini, na hesabu ikasomwa mbele ya wazee wa kijiji wenyewe, nao wakaulizwa: kwa nini huyu hakupanda, na sisi tutafanya nini? Mara nyingine jawabu lilikuwa chakula. Mara nyingine lilikuwa mahali pa kuwaacha watoto mama zao wakiwa shambani. Mara nyingine lilikuwa ulevi wa baba. Mizani ilitoka mikononi mwa mganga ikawa mali ya baraza.

Watanzania hao pia walifufua kimea. Kila mtu wa Kakamega anajua kimea, maana ni wimbi lililooteshwa, likakaushwa na kusagwa kwa ajili ya busaa. Uji mzito una nguvu, lakini mtoto mchanga hawezi kuumeza. Uji mwepesi humezeka, lakini ni maji. Wataalamu walionyesha kwamba kijiko kidogo cha unga wa kimea, kikitiwa katika uji mzito ulio vuguvugu, huulegeza mara moja bila kuongeza maji, na uji ukachemshwa tena kidogo kabla ya kunywewa. Hivyo kitu kilichowafurahisha wazee jioni chaweza kumjaza nguvu mjukuu asubuhi, wala hakimlevyi.

Kwa upande wa mtoto aliye mahututi, madaktari walijifunza kwa uchungu. Watoto waliodhoofika sana walikufa wengine baada ya kulishwa kwa wingi siku za kwanza, maana moyo na figo zilikuwa zimezoea uchache. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 1999 uliweka utaratibu: kwanza joto, sukari kidogo, dawa ya kuzuia maambukizo, na maziwa maalumu mepesi kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, baada ya siku kadhaa, hamu ya kula ikirudi, ndipo hupewa maziwa yenye nguvu zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Mithali hiyo hapa ni kanuni ya hospitali.

Mwaka wa 1996, Mfaransa André Briend na wenzake walitengeneza lishe ya karanga, maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini katika pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500. Haihitaji maji wala moto. Kwa hiyo tangu 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekubali kwamba mtoto mwenye utapiamlo mkali, lakini mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine mzito, aweza kutibiwa nyumbani kwake huku akihudhuria kliniki. Na ili kumtambua, utepe mwepesi wa rangi tatu hutosha. Mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ukiwa chini ya sentimita 11.5, huo ni utapiamlo mkali. Ukiwa kati ya 11.5 na 12.5, ni wa kiasi.

Kakamega yapimwa

Katika mwaka wa 2012 ulianza uchunguzi mkubwa katika kaunti tatu za kwetu: Kakamega, Bungoma na Vihiga. Waliandikishwa wanawake wajawazito zaidi ya 8,200. Vijiji viligawanywa kwa kura. Vingine vilipewa dawa ya kusafishia maji, vingine vyoo bora, vingine mahali pa kunawia mikono, vingine hayo yote, vingine mashauri ya lishe pamoja na pakiti ndogo za nyongeza ya mafuta na karanga kwa watoto tangu miezi 6 hadi 24. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2018. Maji, vyoo na kunawa, peke yake, havikuongeza ukuaji wa watoto. Lishe iliongeza, ingawa kwa kiasi kidogo. Yote pamoja hayakuipita sana lishe peke yake.

Wako walioyapokea matokeo hayo kwa huzuni, na wako waliodhani kwamba vyoo havina maana. Sisi hatuoni hivyo. Choo na maji safi ni haki ya mtu na kinga ya magonjwa mengine. Tunachojifunza ni kwamba hakuna njia ya kuzunguka chakula: mtoto hakui kwa usafi tu. Na hata pakiti ya kila siku, isipofuatana na mabadiliko makubwa zaidi nyumbani, huongeza kidogo.

Mwaka wa 2013 serikali ya Kaunti ya Kakamega ilianzisha mpango wa kuwasaidia akina mama wenye mahitaji. Mama aliyehudhuria kliniki na kujifungulia katika kituo cha afya alipewa shilingi 2,000 kwa awamu sita, jumla 12,000. Twautaja mpango huo kwa sababu ulikubali jambo ambalo historia yote hii inalionyesha: mama mara nyingi anajua la kufanya, ila hana shilingi wala nafasi.

Hesabu za Kenya nzima zatupa moyo na onyo pia. Uchunguzi wa taifa wa 2014 ulionyesha watoto 26 katika kila 100 wa chini ya miaka 5 kuwa wamedumaa. Ule wa 2022 ulionyesha 18. Hayo ni maendeleo makubwa. Lakini watoto wenye uzito pungufu walikuwa 11 katika 100, wakawa 10. Hapo hatukusogea sana.

Yatupasayo

Tukiikusanya historia hii, twaona kwamba kila kizazi kilitafuta kitu kimoja cha kumponya mtoto: mwiko, maziwa, protini, pakiti. Kila kimoja kilikuwa na sehemu ya ukweli, lakini mtoto alinenepa vema pale tu mambo manne yalipokutana: chakula mchanganyiko, mlo wa mara nyingi, kutibiwa maradhi, na mama aliyesaidiwa.

Basi kwa wazazi twasema hivi. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu hata atimize miezi 6, kisha aendelee kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Tangu miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku. Tangu miezi 9 ale mara 3 au 4, na kitafunio katikati, kama ndizi mbivu au avakado. Uji wake uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, au maziwa, au kijiko cha mafuta. Ugali wake uponde pamoja na maharagwe, yai, mboga, au omena waliotwangwa. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa vina vitamini A nyingi. Na tusisahau kwamba aina moja ya viazi iliyosambaa hata Uganda inaitwa Kakamega kwa jina la kwetu. Mahindi na karanga zenye ukungu zisiingie chunguni, maana zina sumu. Maharagwe na soya mbichi zisichanganywe katika unga wa uji unaopikwa dakika chache, kwani huliumiza tumbo. Yapikwe kando mpaka yaive.

Mtu asidhani kwamba kila kinachoongeza uzito huongeza afya. Soda, peremende, chai ya sukari na mkate mtupu hushibisha bila kujenga. Mtoto awe na sahani yake, maana katika sahani ya pamoja mdogo hushindwa na wakubwa. Akiwa mgonjwa anyonye zaidi na ale kidogo kidogo. Akipona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa majuma mawili, ili arudishe alichopoteza. Lakini mtoto aliyevimba miguu, au aliyekataa chakula, au aliyelegea, asijaribiwe nyumbani. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kwa akina baba twasema neno moja. Katika historia yote tuliyoisimulia, baba alikuwa mgodini, njiani, au barazani, na lawama ikamkuta mama jikoni. Mwanamume anayejua bei ya debe la mahindi na ajue pia uzito wa mwanawe. Kupanga uzazi ili mtoto amalize kunyonya si jambo la mama peke yake.

Na kwa matawi ya chama twapendekeza kwamba katika mkutano wa kila mwezi, baada ya hesabu ya fedha kusomwa, mhudumu wa afya ya jamii aalikwe pamoja na mizani na utepe wake, na watoto wa jirani wapimwe bila kuulizwa dini wala ukoo. Jina la mtoto lisisomwe hadharani, ili mama asione haya. Isomwe hesabu tu: wangapi walipanda, wangapi hawakupanda. Kisha wajumbe wawili waende nyumbani kwa kila ambaye hakupanda, wakiwa na maharagwe au karanga mkononi kabla ya maneno, na wamwulize mama anahitaji msaada gani. Tumezoea kuchanga kwa ajili ya mazishi. Mchango wa chakula cha mtoto mmoja kwa mwezi ni mdogo kuliko bei ya mbao za jeneza lake, nao ukitolewa kwa wakati, jeneza halitahitajika.